Kompyuta Yako Inajizima Ovyo? Soma Daftari Lake Kabla Umwite Fundi

Wasee, wacha nianze na hasara yangu ndio mjue hii story si ya kuskia.

Nilikuwa na kompyuta ya mezani kwa keja, mtumba lakini ngangari. Nilikuwa naitumia kuhariri video za watu, hapa na pale, doo ya rent ipatikane. Siku moja ikaanza kujizima. Si ati kila saa. Inakaa fiti siku mbili tatu, alafu paap! Skrini nyeusi, feni zinanyamaza, alafu inajiwasha yenyewe kama mtu amepigwa kofi akiwa usingizini.

Nikaipeleka kwa fundi. Jamaa akaiangalia dakika kumi, akafungua dirisha fulani limejaa alama nyekundu kutoka juu hadi chini, akatikisa kichwa. "Buda, Windows yako imeoza. Hii ni kufomati tu." Thao mbili zikaenda. Picha zangu zote pia zikaenda, pamoja na zile za Krismasi ya mwisho tuliyokula na shosh kabla atuache. Sikuwa na bakapu. Na fundi hakunidanganya kwa nguvu, mimi ndio nilisema sawa juu zile nyekundu zilinitisha nikashindwa kuuliza hata swali moja.

Siku tatu baadaye, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, paap! Ikazima tena. Vile vile tu.

Ikaendelea hivyo wiki kadhaa, na hapo ndio nilikaa chini nikasoma lile dirisha mwenyewe. Jibu lilikuwa limeandikwa hapo wakati wote, na halikuwa na uhusiano wowote na Windows kuoza. Nitakuambia lilikuwa nini, lakini kwanza lazima ujue kusoma, juu shida yako inaweza kuwa tofauti kabisa na yangu.

Hilo daftari ni gani?

Kila kompyuta ya Windows ina tabia ya kuandika kila kitu kinachoifanyikia. Imewaka, inaandika. Imezimwa, inaandika. Programu imeanguka, diski imekataa kusomeka, apdeti imeingia, yote inaandikwa. Hizo kumbukumbu ndio zinaitwa logi, na Microsoft wamekuwa nazo tangu Windows NT ya kwanza mwaka wa 1993. Si kitu mpya. Ni vile tu hakuna mtu hutuambia iko.

Programu ya kuzisoma inaitwa Event Viewer na iko ndani ya mashine yako tayari. Hulipi, hupakui kitu, na hutumii bando hata kidogo. Finya kitufe cha Windows pamoja na R, andika eventvwr.msc, alafu finya Enter. Upande wa kushoto fungua "Windows Logs", alafu "System". Hapo ndio kuna mambo ya mashine yenyewe: stima, diski, draiva. Ile ya "Application" ni ya programu zako.

Kila mstari una daraja lake. "Information" ni story za kawaida. "Warning" ni onyo. "Error" inamaanisha kuna kitu kilijaribu kufanya kazi kikakataa. "Critical" ndio kubwa yao, mara nyingi ni ile imeangusha mashine nzima.

Usishtuke na rangi nyekundu

Hapa ndipo wengi huchezwa. Unafungua System unapata Error mia mbili, unaona ni kama mashine iko ICU. Tulia. Hata kompyuta mpya ya kutoka kwa boksi, ukiiacha wiki moja, itakuwa na Error zake.

Mfano mzuri wa mistari ya kutisha bure ni ile inaitwa DistributedCOM namba 10016. Hiyo utaipata karibu kila mahali penye Windows 10 ama 11. Inarudi kila siku, wakati mwingine mara kadhaa kwa saa, na maneno yake yanatisha kama barua ya korti. Lakini Microsoft wenyewe wameandika kwa maelezo yao kwamba hiyo inatokana na venye programu zao zimepangwa kuombana ruhusa, na unaweza kuipuuza bila shida. Programu inajaribu mlango mmoja, unakataa, inaingia na mlango mwingine, kazi inaendelea. Ni kama makanga akigonga bodi ya mathree: kelele ni nyingi lakini gari linaenda.

Kuna zingine za Service Control Manager, namba kama 7000 na 7009. Hizo zinasema huduma fulani imechelewa ama imekataa kuanza wakati mashine inawaka. Ikitokea mara moja, sahau. Ikirudi kila asubuhi, angalia jina la hiyo huduma. Mara nyingi ni masalia ya programu uliyotoa kitambo, ama ya printa yenye ulishauza.

Kwa hivyo sheria ya kwanza ni hii: wingi wa nyekundu si ugonjwa. Kama mashine yako inafanya kazi poa, haizimi, haigandi, wachana na hilo daftari ulale.

Matapeli wanapenda hiyo nyekundu kukuliko

Kuna wasee wamejenga biashara nzima na hii kitu. Mchezo unaenda hivi: unapigiwa simu, mtu anasema anatoka Microsoft, anakuambia kompyuta yako imeingiwa. Anakuelekeza ufungue Event Viewer mwenyewe. Unaona nyekundu kibao. Anakuuliza kwa upole, "Unaona ngapi hapo?" Ukihesabu ukafika hamsini, tayari uko kwa mfuko wake. Anakuambia hizo zote ni virusi, anakuomba umpe ruhusa ya kuingia kwa mashine yako akiwa mbali, alafu anataka malipo.

Huko Marekani, tume ya serikali ya kulinda wateja, FTC, ilipeleka makundi ya aina hii kortini mwaka wa 2012. Bado mchezo haujakufa, na haujui mipaka. Shika mambo mawili tu. Microsoft haiwezi kukupigia simu bila wewe kuomba usaidizi. Na Event Viewer haihesabu virusi, inahesabu matukio. Mtu akikuonyesha zile nyekundu kama ushahidi bila kukuambia ni namba gani na inamaanisha nini, ama hajui, ama anajua sana.

Maswali manne ya kuuliza kila kosa

Sasa tuseme mashine yako kweli ina shida. Inazima, inaganda, ama gemu inaanguka kila ukifika pazuri. Unatafuta aje kosa moja kati ya mia mbili? Uliza haya maswali:

1. Nani ameandika? Hiyo iko kwa safu ya "Source". Unaweza kuona Kernel-Power, Disk, Ntfs, WHEA-Logger, na kadhalika. Hilo jina linakuambia ni mtaa gani wa mashine una ngori.

2. Namba gani? Hiyo ni "Event ID". Jina na namba huenda pamoja. Namba 7 ya Disk si namba 7 ya mwingine, kwa hivyo ukienda kutafuta majibu kwa intaneti, andika zote mbili.

3. Saa ngapi? Hili ndilo swali kubwa. Linganisha saa ya kosa na saa yenye mashine ilikusumbua. Kosa la saa nane mchana haliwezi kueleza mashine iliyozima saa tatu usiku.

4. Imerudi mara ngapi, na katikati ya nini? Ukifungua Event Viewer, ukurasa wa kwanza kabisa una jedwali linalohesabu matukio ya saa moja iliyopita, ya saa 24, na ya siku saba. Hapo unaona nani ndiye anarudi rudi.

Ndio usipotee kwa wingi wa mistari, ukiwa ndani ya System finya "Filter Current Log" upande wa kulia, weka tiki kwa "Critical" na "Error" peke yake. Orodha itapungua mpaka ushangae.

Alafu chukua simu yako, fungua mahali pa kuandika noti, na kila mashine ikikusumbua andika: saa ngapi, nilikuwa nafanya nini, nini kilikuwa kimechomekwa, stima ilikuwa aje, mvua ilikuwa inanyesha? Unaweza kuona ni kazi ya bure. Si ya bure. Daftari la kompyuta linajua kilichotokea ndani ya boksi tu. Kilichotokea ndani ya nyumba unakijua wewe.

Kama Event Viewer inakuchosha macho, kuna njia rahisi. Finya tena Windows na R, andika perfmon /rel. Itafungua Reliability Monitor, mchoro unaoonyesha siku baada ya siku, na alama nyekundu ya msalaba kwa siku yenye kitu kilianguka. Ukifinya siku, unaona majina. Hiyo hata shosh angesoma.

Namba zenye unafaa kujua

*Kernel-Power 41.* Hii ndiyo maarufu, na ndiyo inaeleweka vibaya zaidi. Watu huiona wanasema "kosa la stima" wanakimbia kununua pawa sapulai. Ukweli ni kwamba 41 inasema kitu kimoja tu: mashine imewaka na kugundua kwamba mara ya mwisho haikuzimwa kwa njia ya heshima. Haisemi ni nani aliizima. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipopotea karibu Kenya nzima, kila kompyuta ya mezani iliyokuwa imewashwa bila betri ya kuishikilia iliandika 41 ilipowaka tena. Hakuna hata moja iliyokuwa mgonjwa.

Ndio ujue zaidi, kliki mara mbili kwa hiyo 41, nenda kwa "Details", utafute "BugcheckCode". Ikiwa ni 0, mashine haikupata nafasi hata ya kuonyesha skrini ya bluu. Hapo shuku stima iliyokatika, pawa sapulai iliyochoka, joto, mashine kuganda kabisa, ama wewe mwenyewe uliyeshikilia kitufe cha kuzima. Ikiwa ni namba nyingine, basi Windows ilianguka na ina sababu. Hiyo namba imeandikwa kwa hesabu ya kawaida, lakini majibu mengi huko nje yanatumia ile ya kompyuta yenye herufi. Fungua kikokotoo cha Windows, weka upande wa waprogramu, ibadilishe. Kwa mfano 159 ni 0x9F, ambayo ni draiva iliyokataa kulala ama kuamka wakati mashine inabadilisha hali ya stima.

Kitu ingine wengi hawajui: saa iliyoandikwa kwa 41 ni ya mashine ilipowaka tena, si ilipozima. Kama ilizima saa nne usiku ukaiwasha kesho yake asubuhi, 41 itasema asubuhi. Kwa saa ya kuzima, tafuta EventLog namba 6008. Hiyo inaandika kwa maneno kwamba kuzima kwa mwisho, saa fulani tarehe fulani, hakukutarajiwa. Shika hiyo, itakuja kutusaidia.

Kama yako ni laptopu, jua hivi: stima ikipotea, betri inafaa ikushikilie. Lapi ikiandika 41 kila stima ikienda, betri yako imebaki jina tu. Andika powercfg /batteryreport kwa Command Prompt, itakutengenezea ripoti inayoonyesha betri ilitoka kiwandani na uwezo gani na sahii imebaki na ngapi. Hii ni muhimu sana kwa wale wananunua lapi za ex-UK. Fanya hiyo kabla ulipe.

*Disk 7, 11, 51, 153 na Ntfs 55.* Hapa sasa wacha mzaha. Disk 7 inasema kuna sehemu ya diski imeharibika. Namba 11 na 153 zinaweza kuwa diski yenyewe ama kebo iliyolegea. 51 ni kosa lililotokea Windows ikihamisha data kati ya kumbukumbu na diski. Ntfs 55 inasema mpangilio wa mafaili umevurugika. Ukiona mojawapo mara moja baada ya stima kukatika, unaweza kupumua. Ukiona Disk 7 inarudi kila siku, usifunge hata ukurasa huu, nenda uhamishe mafaili yako sahii. Hiyo diski inakuaga.

*WHEA-Logger 17, 18, 19.* Hizi ni kelele za vyuma vyenyewe. 17 na 19 mara nyingi ni makosa yaliyorekebishwa papo hapo, lakini yakija kwa mamia ujue kuna kitu hakijakaa vizuri. 18 ni ile ya kuua mashine. Kama wewe ni mse wa gemu na umeongeza kasi ya RAM ama prosesa kupita kiwango cha kawaida, rudisha kama ilivyokuwa kwanza, alafu uone kama zinaisha.

*BugCheck 1001.* Hiyo ndiyo risiti ya skrini ya bluu. Ina namba ya sababu, na mara nyingi inakuambia faili la ushahidi liko wapi, kwa kawaida ndani ya C:\Windows\Minidump.

*Application Error 1000.* Hii iko kwa logi ya "Application". Inataja programu iliyoanguka na pia moduli iliyoiangusha. Angalia ile moduli. Kama gemu tatu tofauti zinaanguka na moduli ni moja ya kadi ya picha, shida si gemu, ni draiva.

Rekebisha kwa mpangilio, si kwa hasira

Hatua ya kwanza haibadiliki hata kosa liwe gani: bakapu. Kabla ya chkdsk, kabla ya fundi, kabla ya chochote. Nakili picha, kazi za shule, mradi wako, beat zako, kwa diski ya nje ama flashi ama akaunti ya intaneti. Usianze na programu. Windows inaweza kurudishwa na mtu yeyote mwenye flashi. Picha za shosh hakuna duka linauza.

Ya pili, vitu vya bure. Zima mashine, chomoa stima, fungua upulize vumbi, kaza kebo za diski na RAM. Jaribu soketi ya ukuta badala ya ile ekstensheni yenye umechomeka friji, TV na pasi.

Ya tatu, kama unashuku diski, pakua CrystalDiskInfo, ni ya bure. Inasoma ripoti ya afya yenye diski yenyewe huandika. Ikisema "Good", endelea kuchunguza. Ikisema "Caution" ama "Bad", panga kununua nyingine. Na usikimbilie chkdsk /r kwa diski inayokufa bila bakapu. Ile kazi ya kusoma kila kona inaweza kuwa ndio inaimaliza. Anza na chkdsk C: /scan, ambayo inaangalia bila kuzima mashine.

Ya nne, kama unashuku RAM, finya Windows na R, andika mdsched, ukubali iwake upya. Itajipima, na majibu utayapata kwa logi ya System chini ya jina MemoryDiagnostics-Results. Umeona? Hata hospitali ya RAM inaandika kwa daftari lile lile.

Ya tano, kama ni mafaili ya Windows, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth. Hii inaweza kuvuta vitu kutoka kwa intaneti, kwa hivyo uwe na bando ama Wi-Fi. Ikimaliza, andika sfc /scannow. Hizo mbili hufanya kazi nyingi ambayo watu hulipia kufomati, na hazigusi picha zako.

Na sheria ya dhahabu: badilisha kitu kimoja, alafu ngoja. Ukibadilisha vitu vitano siku moja na shida iishe, hautajua ni gani ilisaidia. Shida isipoisha, hautajua ni gani umeharibu.

Sasa yangu ilikuwa nini?

Nilipofungua System nikachuja, nikapata 41 kumi na moja, zote BugcheckCode 0. Kwa hivyo Windows haikuwa inaanguka, ilikuwa inakatwa. Kidogo tu hiyo, na tayari nilijua thao mbili za kufomati zilikuwa za bure.

Nikatafuta 6008 nikaandika saa zake kwa karatasi. 6:31 asubuhi. 6:28 asubuhi. 8:47 usiku. 6:34 asubuhi. 8:52 usiku. Jumapili hakuna hata moja. Nikakaa nikaitazama hiyo karatasi. Kompyuta haijui Jumapili. Virusi havijui Jumapili. Kenye kinajua Jumapili ni mtu anayeenda job.

Kesho yake nikaamka mapema nikakaa tu. Saa kumi na mbili na nusu nikaskia jirani akiwasha ile shawa ya maji moto. Taa ya kwangu ikafifia kidogo, kama imekonyeza. Mashine, paap!

Zile shawa hula kilowati kadhaa kwa mpigo. Kwa ploti yenye nyaya zimechoka, ikiwashwa stima inashuka ghafla kwa nyumba za karibu. Taa inavumilia, TV inavumilia. Pawa sapulai yangu ya mtumba ilikuwa haivumilii. Siku zingine stima haikushuka sana, ndio maana ilikuwa inakaa siku mbili bila shida ikinidanganya imepona.

Nikafuata mpangilio. Kwanza nikatoa ekstensheni nikachomeka kwa ukuta. Ikazima tena. Alafu nikaomba beste UPS yake wiki moja. Wiki nzima, hakuna 41 hata moja. Nikanunua yangu. Baadaye nikamwambia caretaker, akaleta fundi wa stima, akakuta waya imelegea kwa boksi ya mita. Hiyo boksi usiwahi kuifungua mwenyewe, inaua.

Hebu fikiria: kosa la waya wa ploti lilifanya nipoteze picha za shosh, juu hakuna aliyeangalia saa.

Ukilazimika kwenda kwa fundi

Fundi si adui. Kuna mafundi wakali wanaojua hizi vitu kuliko mimi na wewe, na kuna shida hauwezi kuzimaliza nyumbani. Lakini nenda ukiwa na rada. Kabla utoke, ndani ya System finya "Save All Events As", usevu hiyo logi kwa flashi. Usifinye "Clear Log" ati ndio ionekane safi, hapo unachoma ushahidi. Pia usingoje miezi, juu daftari likijaa, mistari ya zamani inafutwa kupisha mipya.

Ukifika, usiseme "mashine inasumbua". Sema, "Inaandika Kernel-Power 41 na BugcheckCode 0, mara tano kwa wiki, nimejaribu soketi nyingine." Utaona venye bei na sauti zinabadilika. Akisema ni kufomati, muulize swali moja: ni namba gani inakuambia hivyo? Fundi wa ukweli atakuonyesha.

Na kama tayari umefomatiwa kama mimi, acha kutumia hiyo diski mara moja. Kwa diski ya kuzunguka, kufomati kwa haraka huacha mafaili yakiwa bado pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yao, kwa hivyo programu za kurudisha mafaili, kama Recuva, zinaweza kuokoa kitu. Kwa SSD nafasi ni ndogo sana. Mimi nilijaribu nikiwa nimechelewa, nikapata picha nne. Moja shosh amefunga macho, ameshika sahani ya pilau. Hiyo iko kwa simu, iko kwa flashi, na iko kwa simu ya sista yangu.

Leo jioni ukifika keja, kabla hata uwashe gemu, fanya bakapu. Alafu fungua eventvwr.msc, uone mashine yako imekuwa ikiandika nini wakati haukuwa unasoma.